Mrejesho: diski za Commodore 64, upande wa pili umekubali

Wadau, niliuliza vipi diski ya inchi 5¼ ishike zaidi ya bloku 664 (bloku moja ni baiti 256) kwenye 1541, kiendeshi cha diski cha kompyuta ya zamani ya Commodore 64. Pengo la pili la ukingoni, linaloruhusu kuandika upande wa pili, limetosha.

Geuza diski nyingine kifudifudi juu ya hii, chora pengo lake kwa kalamu, kata ganda tu: takriban milimita 6 kwa 4, usizidi alama. Paper punch ya soko la Kibuye inakata, ila kingo zifutwe vumbi. Tundu dogo la karibu na katikati liacheni, 1541 hailisomi. Kisha geuza diski, iingize, na uandike kwenye kompyuta amri hii ya kufomati upande wa pili:

OPEN 15,8,15,"N:UPANDE B,02":CLOSE 15

Ukipata kosa 26, pengo halijakaa sawa na sensa (kitambuzi cha pengo ndani ya 1541). Panua kidogo kuelekea linakopungua. Diski za megabaiti 1.2 msihangaike nazo, sumaku yake ni ngumu kwa kichwa cha 1541.

Wazo la kuongeza treki (miduara ya data kwenye diski) hadi 40 nimeliacha. Linaongeza bloku 85, lakini DOS ya kawaida (programu ya 1541 inayosimamia diski) haizihesabu. Na kwa unyevu huu wa Kisumu, kagueni ukungu kwenye dirisha la diski (uwazi ambapo kichwa hugusa sumaku) kabla ya kuiingiza: ukichafua kichwa, pande zote mbili zitagoma.