Minervali (ada ya masomo) tunalipa, tunachofundishwa hakieleweki: vituo vya Kiingereza Lubumbashi, mnatuonea

Bayaya, leo nasema, atakayekasirika akasirike. Kituo chenyewe sikitaji, mwenye kujijua anajijua. Minervali wanadai kwa dola, notisi unanunua kando, na fotokopi imefifia hata herufi huzioni vizuri. Hayo tungevumilia. Lakini fungua ukurasa wa maneno yanayochanganya: "advice" na "advise" yako mstari mmoja, mbele yake neno moja tu la Kifaransa, conseil. Basi! Hakuna aliyetuambia kwamba la kwanza ni nomino, ushauri, na la pili ni kitenzi, kushauri. Hakuna aliyeyatamka tusikie kwamba moja linaishia na sauti ya s na lingine ya z. Darasa zima tunaandika "please advice me" kwenye barua za kuomba kazi migodini, kisha tunashangaa simu hailii.

Ubaya ni kwamba kila kitu lazima kipitie Kifaransa. Prof anasema "assist" ni assister, andika, bila kutuambia kwamba assister ni pia kushuhudia, na "assist" ni kusaidia. Jamaa tuliyesoma naye akapata kazi mgodini. Siku moja lori likagonga uzio, yeye amesimama pembeni anaona. Kwenye ripoti akaandika "I assisted the accident". Msimamizi, mtu wa Zambia, akamwita: wewe uliisaidiaje ajali? Maskini akaanza kuapa kwamba hakugusa hata usukani. Alitakiwa aandike "witnessed".

Na "eventually" je? Éventuellement ya Kifaransa ni labda. Kiingereza chenyewe kinamaanisha mwishowe, yaani hilo jambo litatokea tu. Mwandikie bosi "eventually I will come" uone kama hatakusubiri.

Kiswahili chetu kingetusaidia, ila darasani wamekipiga marufuku, ukikitumia unatozwa faini. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Muulize mama yeyote sokoni pale Kenya (commune yetu, sehemu ya mji, si nchi) kama anachanganya nani anamdai nani. Kujifunza ni "learn", kufundisha ni "teach". Kifaransa kinayabeba yote mawili kwa apprendre, ndiyo maana mtu mzima anasimama anasema "he learned me English" na prof anatikisa kichwa kukubali.

Nilipouliza tofauti ya "affect" na "effect" nikajibiwa c'est la même chose, yaani ni kitu kilekile. La même chose wapi? Kwa kawaida "affect" ni kitenzi, kuathiri, na "effect" ni nomino, athari. Kuuliza tena, naambiwa nachelewesha wenzangu. Wenzangu gani, wakati wote walikuwa wananiangalia wapate jibu?

Tena wachague: Waingereza wanaandika "practice" kwa nomino na "practise" kwa kitenzi, Wamarekani zote kwa c. Notisi zetu zinarukaruka kotekote.

Nataka notisi zirekebishwe au pesa irudi. Mwenye kumjua mwalimu wa commune ya Katuba au Kamalondo anayeeleza kwa Kiswahili aandike hapa chini. Minervali ya mwezi ujao bado ninayo mfukoni.