Naomba ushauri: vifaa vya kuanzia kuvua kwa ndoano Ziwa Victoria

Wakuu, salaam. Niko Mwanza na nataka kuanza kuvua kwa ndoano, kitoweo na burudani tu, si biashara. Nitavulia kwenye mawe ya ufukweni, mtumbwi bado.

Shida ni fimbo. Dukani nimeonyeshwa za kukunja zenye roda yake (ya kuzungushia mshipi), fupi na ndefu, na muuzaji anasifia ile ghali (kama kawaida yao). Wazee wa hapa wanavua na mshipi wa mkononi, jiwe dogo na ndoano, na sato wanapata. Sasa fimbo ina faida gani hasa, zaidi ya kurusha mbali? Na kwenye mawe, mshipi mwembamba si utakatika kila mara?

Kwa sato nafikiria ndoano ndogo na nyungunyungu. Sangara je, chambo kiwe dagaa au furu (wale samaki wadogo wa ziwani) mzima? Mshipi uwe wa kuhimili kilo ngapi? Najua sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, nitamrudisha majini.

Suala la leseni nitamuuliza afisa uvuvi. Nyie nisaidieni hapo kwenye fimbo na mshipi, pesa yenyewe ni ya mawazo.