Naomba ushauri: mkopo wa halmashauri, kikundi chetu kinazungushwa

Wapendwa, habari za kazi. Sisi ni kina mama wa kijiji kimoja hapa mkoani Dodoma, tunakamua alizeti kwa mashine ya kukodi, na kodi inamaliza faida yote. Tuliomba ule mkopo usio na riba unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Katiba, muhtasari, andiko la mradi, vyote tulipeleka kata. Tangu Januari tunaambiwa "subirini", na mavuno ndiyo haya yameanza!

Je, tuna haki ya kuonyeshwa orodha ya vikundi vilivyopata? Tumwandikie mkurugenzi, au tumbane diwani kabla baraza halijakaa? Aliyewahi kupita njia hii anisaidie, tafadhali.