Naambiwa ninunue VPN ya kulipia, itanisaidia kweli au natupa hela?

Mama Nuru
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri, mimi sio mtaalamu wa haya mambo, nauza vitenge na mashuka tu hapa Mbagala na wateja wangu karibu wote nawapata WhatsApp. Mwaka jana nilikwama nikachukua mkopo wa elfu 50 kwenye apu moja ya simu, nikachelewa kurejesha siku nne tu, wakaanza kutuma meseji kwa watu niliowasevu. Mama mkwe wangu yuko kijijini Korogwe, ana kitochi, akapata meseji kwamba mimi ni tapeli nimekimbia na hela za watu na yeye ndo mdhamini wangu. Alinipigia analia. Hadi mteja mmoja aliyenunua kwangu mara moja, nilimsevu "Dada shuka la bluu", naye akatumiwa. Deni nililipa lakini aibu haijaisha, kuna ndugu mpaka leo wananiangalia vibaya.

Sasa nimenunua simu nyingine nataka nianze upya. Shemeji anasema ninunue VPN ya kulipia elfu 12 kwa mwezi nitakuwa sionekani na mtu. Mwingine ananiambia nihame WhatsApp niende Signal, mwingine anasema hapana Telegram ndo salama. Hela ya kununua kila kitu sina, nianze na kipi?

Kijana wa Aggrey
Pole sana dada, hiyo kitu imeumiza watu wengi. Elfu 12 yako kaa nayo kwanza. VPN kazi yake ni hii, intaneti yako inapitishwa kwenye njia iliyofungwa mpaka kwenye kompyuta za kampuni ya VPN ndo itoke nje, kwahiyo kampuni ya laini yako au mwenye Wi-Fi ya hotelini haoni unaingia tovuti gani. Basi. Ile apu haikukuchungulia njiani, ilikuwa ndani ya simu yako na siku unaiweka ilikuuliza "ruhusu kusoma namba zako" ukabonyeza ruhusu, kama tunavyofanya wote tukiwa na shida ya hela. Hata ungekuwa na VPN kumi bado ingezisoma.

Mi naanzaga na swali moja kwa kila mteja anayeniletea simu, unamkimbia nani? Wewe unaikimbia apu inayobeba namba za watu. Dawa yake ni bure, ingia setingi, tafuta sehemu ya faragha, kuna mahali simu inakuonyesha ruhusa zote, bonyeza Anwani uone ni apu zipi zinasoma namba zako, kisha Meseji, kisha Picha. Juzi kuna mama nilimfungulia tukakuta apu ya tochi ina ruhusa ya namba, maiki na mahali alipo. Tochi! Tukaiondoa tukatumia tochi ya simu yenyewe.

Na jambo jingine, toka Mei 31, 2023 Google walikataza apu za mikopo binafsi za Play Store kusoma namba na picha za mtu. Kwahiyo anayekutumia linki ya apu ya mkopo WhatsApp ukaipakue nje ya Play Store, jiulize kwanini kaikwepa hiyo njia.

Mtu wa Sheria
Naongezea hapo. Kufuta apu hakufuti namba walizokwisha kuzichukua, hilo watu hawalijui, wanafuta wanadhani yameisha. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume yake inayopokea malalamiko. Dada kama zile meseji mama mkwe bado anazo zipigeni picha kabla hazijafutika, na hata yeye mwenyewe ana haki ya kulalamika, maana namba iliyotumika ni yake na hakuna aliyemuomba ruhusa. BoT (Benki Kuu) nao Novemba 2024 walitoa orodha ya apu 69 zinazokopesha bila leseni, angalia kama yenu imo.

Pia piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Kama uliwapa picha ya kitambulisho usiache kufanya hivyo, leo.

Swahiba wa Tanga
Mi nitamtetea shemeji kidogo, VPN sio upuuzi, mi nasafiri sana nalala nyumba za wageni natumia Wi-Fi za watu na sitaki mtu ajue nasoma nini. Ila za bure za hovyo hovyo ndo hatari maana sasa anayeona mambo yako ni yeye mwenye VPN. Facebook walinunua Onavo, wenye apu ya VPN ya bure, mwaka 2013, watu wakaiweka wakijua inawalinda kumbe ilikuwa inawapelekea Facebook habari za apu gani watu wanatumia, wakaja kuifunga 2019. Ukihitaji ya bure Proton wanayo na haina kikomo cha MB. Ya kulipia, Mullvad ni euro 5 kwa mwezi, hawakuulizi jina wala imeili wanakupa namba tu, na Aprili 2023 polisi wa Sweden walikwenda ofisini kwao na hati ya upekuzi wakaondoka mikono mitupu maana taarifa za wateja hazikuwepo.

Lakini kwa hapa nyumbani ujue pia TCRA (mamlaka ya mawasiliano) Oktoba 2023 walitangaza wanaotumia VPN wazisajili, kwahiyo usinunue tu kwa sababu shemeji kasema.

Bint Saidi
Mbona hakuna aliyemjibu la WhatsApp jamani. Dada usihame, wateja wako wako WhatsApp, ukienda Signal utauza vitenge kwa nani? Meseji za WhatsApp zimefungwa toka 2016, yaani anasoma mtumaji na mpokeaji tu, kwa utaratibu uleule wa Signal, tofauti iko kwenye wanachobaki nacho wenye kampuni, nani kaongea na nani na saa ngapi. Signal mwaka huohuo 2016 walitakiwa na mahakama Marekani watoe taarifa za mtu, walichokuwa nacho ni tarehe aliyofungua akaunti na mara ya mwisho kuingia. Kwahiyo mambo ya ndani na mumeo au daktari pelekeni Signal, biashara ibaki ilipo. Telegram watu wanadanganyana sana, meseji za kawaida na magrupu kule hazijafungwa hivyo, mpaka ufungue yale mazungumzo ya siri mwenyewe.

Mi kilichonikuta ni kuporwa simu Buguruni nikiwa kwenye daladala, dirishani. Skrini ilikuwa na loki lakini yule mtu alitoa laini akaweka kwenye simu yake akapokea namba za uthibitisho, ndani ya saa moja WhatsApp yangu inaomba watu hela. Siku hizi nimeweka PIN kwenye laini yenyewe (ukikosea mara tatu inataka PUK, namba ya kufungulia laini, iandike mahali) na uthibitishaji wa hatua mbili WhatsApp, zile namba 6. Paswedi nyingine naweka Bitwarden, apu ya kutunzia paswedi, ni bure.

Mama Nuru
Asanteni sana nimekaa na mwanangu jana usiku tumefanya. Kwenye ruhusa tumekuta apu mbili zinasoma namba, moja ya kuhariri picha moja ya kalenda, nimezinyima na zinafanya kazi vilevile. *106# imeleta laini tatu, mbili zangu moja siijui kabisa, kesho naenda nayo kwa kampuni ya simu ikafutwe. Nimekwama sehemu moja, bekapu ya WhatsApp (ile nakala ya meseji) nikitaka kuifunga mtu asiisome inaniuliza niweke paswedi au tarakimu 64, nichukue ipi?

Bint Saidi
Chukua paswedi dada, tarakimu 64 utazipoteza. Iandike kwenye daftari lako la madeni ya vitenge, maana ukiisahau hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia. Na hiyo laini ya tatu usingoje kesho jioni, nenda asubuhi.