Mwenye maumivu sugu aende kwa mkandaji, au anajidanganya?

MTOA MADA:
Ndugu zangu, naumwa mgongo mwaka wa tisa huu. Picha nimepigwa, vidonge nimemeza, na kila nikikutana na mgonjwa mwenzangu naulizwa yale yale: umeshakandwa? Umeshapigwa chuku? Umekwenda kwa wale wanaonyoosha pingili mpaka zikalia? Wengine nao wananiambia hizo ni fedha za kutupa. Naomba tulijadili waziwazi. Msimamo wangu ni huu: tiba ya mikono inafaa kujaribiwa, ila maneno yanayoandamana nayo mara nyingi ndiyo yanayoumiza.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno, yaani yale yaliyovuka miezi 3 bila ugonjwa mahususi unaoyaeleza. Katika yanayopendekezwa mna mazoezi na elimu, lakini pia kukandwa, kunyooshwa pingili na akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano nyembamba zisizo na dawa. Mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa za jamii ya afyuni hazikupita. Nikiri kwamba mapendekezo hayo yana masharti, kwa kuwa ushahidi wenyewe si wa nguvu sana.

Kuna jaribio moja linaloninyima raha. Ujerumani, mwaka 2007, walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,162 wa kiuno. Kundi la kwanza walichomwa sindano kwa kanuni zote za akupancha. La pili walichomwa juu juu tu, mahali ambapo kanuni hizo hazipatambui. La tatu walipewa matibabu ya kawaida: dawa, fiziotherapia (tiba ya viungo) na mazoezi. Baada ya miezi 6 waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6, 44.2 na 27.4. Sindano za kweli na za kuigiza karibu sawa, na zote mbili zimeyaacha mbali matibabu ya kawaida! Anayepinga atasema kumbe ni imani tu. Mimi nasoma hivi: nafuu ilikuwepo, kilichoanguka ni maelezo ya wanaakupancha kwamba sindano hufungua njia za nguvu mwilini.

Wala si lazima tutafute miujiza. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango, na mguso unaweza kulifunga kiasi ili maumivu yasipande yote kwenye ubongo. Mtoto akijigonga goti hulisugua kabla hajalia.

Sasa hayo maneno. Mtu mmoja alinikanda vizuri sana, akaniambia pingili yangu imehama na nisithubutu kuinama. Nafuu ilidumu wiki mbili. Hofu ilidumu miaka miwili. Niliacha kuinama, niliacha kubeba kitu, misuli ikalegea, maumivu yakazidi. Baadaye ndipo nikajua kwamba pingili haihami kirahisi hivyo ikarudishwa kwa kidole, na ule mlio ni gesi inayojitengenezea nafasi kwenye ute wa kiungo.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mtoa mada, pole, ila unawalegezea mno. Kairopraktiki, hiyo fani ya kunyoosha pingili, ilianzishwa 1895 na Daniel David Palmer, aliyedai kumrudishia mtu usikivu kwa kumsukuma pingili. Fani iliyozaliwa hivyo naiamini vipi? Na shingo usiiache nje: kuzungushwa ghafla kumehusishwa na kuchanika kwa mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, kisha kiharusi. Ni nadra, sawa. Aliyepatwa hana faraja na neno nadra.

Kaka yangu alikandwa mgongo miezi mitano. Maumivu yalikuwa yakimwamsha usiku, nguo zikaanza kumpwaya. Hakuna hata mmoja kati ya wale wakandaji aliyemuuliza habari ya uzito wala usingizi. Ilikuwa saratani iliyokwishafika mfupani. Ndiyo maana nikisikia "jaribu tu, haina madhara" mwili unanisisimka.

MCHANGIAJI WA PILI:
Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia kazini. Nakanda kila siku na sioni haya kusema kwamba mikono yangu hainyooshi chochote kilichopinda. Inampa mgonjwa muda mfupi wa kutoogopa, na muda huo ndio namsimamisha aanze kuchuchumaa. Mwongozo wa Uingereza wa 2016 uko hapo hapo: tiba ya mikono iende pamoja na mazoezi, isisimame peke yake. Akupancha kwa kiuno waliikataa kabisa, kwa hiyo wataalamu nao hawajapatana.

MTOA MADA:
Mchangiaji wa kwanza, pole sana kwa kaka. Nakubali, na shingo naiondoa: yangu hazungushi mtu. Homa, kukonda, maumivu ya usiku yasiyotulia, ganzi sehemu unazokalia au kushindwa kuzuia mkojo, hayo ni ya hospitali, na ganzi na mkojo ni siku hiyo hiyo.

Ila kwa sisi tuliokwishapimwa, naona tuweke kikomo kabla ya kulala kwenye kitanda cha mkandaji mara ya kwanza. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, tangu 2020 hulipia akupancha ya kiuno mara 12 ndani ya siku 90. Asiyepata nafuu haongezewi. Mimi nilichagua kipimo kimoja: kufunga kamba za viatu bila kukaa. Nilikandwa mara sita huku nikifanya mazoezi. Ya sita nilifunga.

MCHANGIAJI WA TATU:
Mimi mwili mzima unauma, miaka kumi na minne. Nakandwa kila Ijumaa. Jumapili maumivu yamesharudi yote. Kwa kipimo chako ningeshafukuzwa. Lakini usiku wa Ijumaa nalala, usiku huo mmoja. Niache?

MTOA MADA:
Hapana, dada. Nilikosea kudhani kipimo ni kiungo kukunjika tu. Chako ni usingizi. Andika saa unazolala Ijumaa na siku zinazofuata, kwa wiki sita, kisha mwoneshe anayekutibu. Huenda usingizi wenyewe ndio wa kuanza kutibiwa. Akikuambia una pingili iliyohama, rudi hapa utuambie.