Disiki C imejaa, sioni kilichoijaza

mpigapicha_Katuba
Jambo wote. Niko Lubumbashi, nafanya video za ndoa. Laptop ina SSD ya GB 256, RAM GB 16, Windows 10 ya Kifaransa. C imekuwa nyekundu, zimebaki GB 3, Premiere, programu yangu ya kuhariri video, inakataa kutoa video. Video zenyewe ziko kwenye disiki ya nje! Nimepima Documents, Bureau, Téléchargements na Vidéos: jumla GB 41. Zingine zimekwenda wapi? Bibi-arusi ananipigia simu toka asubuhi.

Papa_Disiki
Formata tu yaya, yaani futa disiki yote, weka Windows mpya. Utapumua.

dada_fundi_Bukavu
Usiformate! Huko ni kuchoma nyumba kwa sababu ya panya.
Kwanza, GB 256 za kwenye boksi Windows inazionyesha kama 238, maana mtengenezaji anahesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024. Hapo hakuna kilichopotea. Halafu ulivyopima ni vyako tu. Bado Windows yenyewe, programu, na AppData, folda ambamo programu zinaweka vitu vyao, ambayo imefichwa ndani ya folda ya jina lako.
Pakua WizTree, programu inayoonyesha nini kimejaza disiki, ni mega chache. Bonyeza kulia, chagua «Exécuter en tant qu'administrateur» (endesha kama msimamizi), la sivyo kuna mafolda itayaruka. Tuma picha ya skrini.

mpigapicha_Katuba
AppData GB 104!! Ndani yake Adobe\Common\Media Cache Files peke yake 92. Halafu kuna hiberfil.sys GB 6,4 na pagefile.sys 10.

dada_fundi_Bukavu
Ndiyo hiyo. Kila ukiingiza video, Premiere inaandaa sauti yake na kuiweka humo, na ukifuta mradi vitu hivyo vinabaki. Ndoa za mwaka jana bado ziko humo zote. Funga Premiere, ingia kwenye folda hiyo, futa vilivyomo. Video za asili haziguswi. Ukifungua mradi Premiere itavitengeneza upya, kwa hiyo mara ya kwanza utasubiri kidogo. Kisha kwenye Préférences (mipangilio) iambie ifute yenyewe vya zamani.
Pagefile (Windows inaitumia kusaidia RAM) na WinSxS (folda ya vipande vya Windows yenyewe) usiviguse. WinSxS inaonekana kubwa kuliko ilivyo, faili moja inahesabiwa mara mbili.

Papa_Disiki
Na hiberfil je? «powercfg /h off» inaiondoa palepale.

dada_fundi_Bukavu
Inaiondoa, ni kweli. Lakini kwa umeme wetu huu? Betri ikikaribia kwisha, hiyo ndiyo inayohifadhi kazi iliyo wazi kabla mashine haijazima. Kwa GB 6 mimi ningeiacha.

mpigapicha_Katuba
Aksanti sana dada. Zimerudi GB 92, video inatoka sasa hivi. Hiberfil nimeiacha.

mwanafunzi_Goma
Samahani kuingilia. Mwenye Ubuntu (Linux), si Windows, afanyeje?

dada_fundi_Bukavu
Weka ncdu, programu ya kupima mafolda, kisha andika kwenye terminal «sudo ncdu -x /». Itapanga mafolda kuanzia kubwa kabisa. Usifute kitu chini ya /usr, humo mna mfumo wenyewe.