Kuolewa Ujerumani: nikaha itangulie nyumbani au isubiri?

Binti Pangani:
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Ninaishi Tanga, na mchumba wangu ni raia wa Ujerumani anayeishi Leipzig. Ofisi ya usajili wa ndoa ya huko, wanayoiita Standesamt, imetaka cheti changu cha kuzaliwa, pasipoti, na hati ya kuthibitisha kwamba sijaolewa wala sina kizuizi cha kuolewa. Cheti changu kimeandikwa Mwanaisha ilhali pasipoti inasomeka Mwana Aisha, na karani aliyenihudumia alinirudisha mara tatu pasipo kunieleza kwamba tatizo lilikuwa hilo. Juu ya hayo, baba amesema sitapanda ndege kabla sijaozeshwa, kwa hiyo tumepanga nikaha ndogo hapa nyumbani mwezi ujao, kisha ndoa ya serikali huko Leipzig. Nianze na lipi?

Mzee wa Chumbageni:
Wa alaikum salaam, mwanangu. Kabla ya karatasi yoyote, izungumzeni upya hiyo nikaha. Wengi hudhani kwamba nikaha ni ya dini tu na kwamba ndoa ya sheria ni ile ya kwa karani, kumbe Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huitambua ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu kuwa ndoa kamili. Ukishaozeshwa, wewe ni mke wa mtu, na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, vifo na ndoa, haiwezi kukuandikia kwamba hujaolewa. Na ukiichukua hati hiyo mapema, ukaitumia baada ya nikaha, utakuwa umetoa maelezo ya uongo mbele ya serikali mbili. Mkichagua Tanga, toeni taarifa ya kusudio la ndoa siku 21 kabla, ndoa isajiliwe, mpate cheti, nawe uombe viza ya kumfuata mume. Mkichagua Leipzig, nikaha isubiri. Huko mambo ni kinyume na kwetu: ndoa iliyofungwa kidini pekee haina nguvu mbele ya sheria yao.

Nyakato, Hamburg:
Naunga mkono maelezo ya mzee, ila niongeze la majina, kwa sababu ndilo lililonitesa mimi. Dada yangu, usitegemee kiapo cha majina cha wakili peke yake. Kwetu kinakubalika kwa mengi, lakini afisa wa huku, ambaye hajui kwamba Mwanaisha na Mwana Aisha ni jina lile lile lililoandikwa na makarani wawili tofauti, huona watu wawili. Ni afadhali kitambulisho cha NIDA na pasipoti virekebishwe vifuate cheti cha kuzaliwa, hata kama itachukua muda.

Mkiamua kuoana Leipzig, hati ya kutokuwa na kizuizi iwe karatasi ya mwisho kuichukua. Kifungu cha 1309 cha sheria yao ya kiraia kinasema kwamba hati hiyo hupoteza nguvu ikiwa ndoa haikufungwa ndani ya miezi sita tangu ilipotolewa. Mimi niliichukua mwanzo kabisa, nikijiona hodari, na viza yangu ikatoka siku kumi na moja baada ya hati kuisha muda, nikaanza upya. Katika kipindi hicho soma Kijerumani, kwa kuwa kwa kawaida cheti cha kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, huhitajika, uwe unakwenda kama mchumba au kama mke, na mtihani hufanyika Goethe-Institut Dar es Salaam. Tafsiri nazo ulizeni kwanza Standesamt, kwani mara nyingi hutaka za mtafsiri aliyeapishwa huko huko Ujerumani.

Kama mtaoana Tanga, mchumba wako naye aombe hati ya namna hiyo kwenye Standesamt yake kabla hajasafiri. Ya kwake pia hudumu miezi sita.

Binti Pangani:
Nawashukuru sana. Nimemsomea baba jibu la mzee, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: ikiwa cheti cha nikaha ni cheti cha ndoa, kwa karani wa Leipzig tulikuwa tunafuata nini? Sikuwa na jibu. Tumeahirisha nikaha hadi pasipoti irekebishwe, na Jumatatu ninakwenda Uhamiaji.